Mkono wa Kocha

Kocha alikuwa amekaa kushoto kwangu, mikono amefumbata, shingo ameinamisha ili sikio lake lifikie mdomo wangu. Ilikuwa Novemba 2014, mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu, katika mji mdogo kusini mwa Frankfurt. Chumba kilinuka kahawa na viatu vilivyolowa. Tulikuwa wanachama 35, na mbele yetu mweka hazina, mzee wa watu, alikuwa anasoma hesabu senti kwa senti. Mimi nilikuwa mkalimani.

Kazi hiyo sikuiomba. Nilitoka Nairobi na Kijerumani cha Goethe-Institut, Kiingereza cha shule, na magoti yaliyochakazwa na raga. Nilipoona bango la klabu ya futiboli ya Kimarekani inayotafuta wachezaji, nilijiambia mpira wenye umbo la yai ni ule ule. Mwaka uliotangulia, Daniel Adongo, kijana wetu wa raga, alikuwa ameingia uwanjani na jezi ya Indianapolis Colts, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Sasa mimi nani anizuie kuota?

Ndoto ilikatika mazoezi ya kwanza. Kocha alinielekeza nimsukume mpinzani mmoja nimtoe njiani. Nikamtazama yule mtu: hana mpira. Nikabaki nimesimama kama mlingoti. Kwenye raga, ukimgusa asiye na mpira refa anapuliza kipenga, na mimi sheria hiyo ilikuwa imeniingia mwilini tangu kidato cha kwanza. Kocha alicheka mpaka akashika magoti. "Kenya," akasema, na tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine pale, "huku ruhusa."

Alikuwa mtu wa Texas. Ukitaka kujua alitoka wapi na akafika wapi, fikiria hili: kule kwao shule ya sekondari ya Allen ilifungua uwanja mwaka 2012 wenye viti 18,000, kwa dola milioni 60. Uwanja wa watoto wa shule! Yeye hakufundisha Allen. Alikuwa msaidizi wa msaidizi katika shule ya kawaida, akaona foleni ya kupanda cheo ni ndefu kuliko umri wake, akapanda ndege. Finland msimu mmoja, Austria msimu mmoja, Italia miwili, kisha sisi. Masharti yalikuwa yale yale kila alikokwenda: mkataba wa msimu, chumba cha kupanga, kigari kilichobandikwa matangazo ya mdhamini, na pesa ya matumizi ambayo hakupenda kuizungumzia. Ikifika Oktoba anakaa na kompyuta yake, anatuma barua na video za mechi kwa klabu za nchi nyingine. Alinionyesha siku moja daftari ambamo aliandika neno "kushoto" kwa lugha nne.

Kwetu alikuta uwanja wa soka. Asubuhi ya mechi tulikuwa tunavuta kamba na kumwaga chokaa, tukichora mistari ya yadi juu ya mistari ya mpira wa miguu, na Kocha mwenyewe akisukuma kile kitoroli cha chokaa. Fundi umeme, dereva wa lori, mwanafunzi wa famasia: hao ndio waliokuwa wachezaji wake, na hakuna aliyelipwa. Kinyume chake, kila mmoja alilipa ada ya uanachama. Akina mama waliuza keki na soseji. Ambulensi isipofika, mechi haianzi. Halafu robo nne za dakika 12, watazamaji mia mbili wakiwa wengi, na huyu bwana anakimbia pembeni mwa uwanja akifoka kana kwamba viti 18,000 vimejaa.

Uwanjani hakunihitaji. Wajerumani wanacheza mchezo huu kwa maneno ya Kiingereza, na wengi wanakizungumza vizuri. Alinihitaji kwa watoto wa chini ya miaka 16, kwa wazazi wao, na kwa karatasi. Kwa watoto tulielewana hasa. Mwaka huo Seattle Seahawks, timu ya NFL, walitoa video ya kufundisha kukaba kwa mtindo wa raga, kwa bega, kichwa kikiwa pembeni. Kocha alinijia na simu mkononi kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikamwambia, Kocha, hivi ndivyo tunavyokaba kwenye raga kule Ngong Road, Nairobi, siku zote, kwa sababu hatuvai kofia. Kuanzia hapo kila Alhamisi mimi ndiye nilionyesha, yeye anaeleza, kisha nageuza maelezo yake.

Na yule mweka hazina, asije mtu akadhani alikuwa mbaya. Alimpenda Kocha. Alikuwa shabiki wa timu ya Frankfurt Galaxy tangu enzi zile, kabla NFL haijaifunga ligi yake ya Ulaya mwaka 2007, na kila akishika bia alisimulia habari za Ernie Stautner. Stautner alizaliwa Bavaria, akapelekwa Marekani akiwa mdogo, akawa jabali la Pittsburgh Steelers, kisha uzeeni akarudi Ujerumani kama kocha Mmarekani na kuipa Galaxy World Bowl, kombe la ligi hiyo, mwaka 1995. Nilikuwa nimeitafsiri hadithi hiyo mara tatu. Kocha aliipokea kila mara kama mpya.

Basi, mkutano. Kufika ajenda ya tano, mwenyekiti akaomba kura ya Entlastung ya kamati. Neno hilo Goethe hawakunifundisha. Nililipasua haraka kichwani: kupunguziwa mzigo. Mikono yote ikapanda. Nikamnong'oneza Kocha kwamba kamati nzima imeachishwa kazi. Akakodoa macho. Lakini wale watano wakatabasamu, wakashukuru, wakabaki vitini, ndipo jirani yangu akanieleza kwamba ni kura ya kuridhika na hesabu zao. Tulicheka kimyakimya, mabega yakitikisika kama watoto kanisani.

Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Nilikuwa bado najifuta machozi mweka hazina alipofika bajeti ya mwaka unaofuata. Alisema kofia za watoto zimezeeka na nyingine hazifai tena kuvaliwa. Alisema paa la chumba hiki linavuja, akaonyesha ndoo pale kona. Kwa hiyo kamati inapendekeza kifungu cha kocha wa kutoka nje kiondolewe. Jina la Kocha halikutajwa. Alisema kifungu.

Niliyasikia maneno yote na nikayaelewa, safari hii bila kosa. Midomo ikakauka. Kibaya zaidi, niliona mzee ana hoja. Zile kofia nilizijua; mimi ndiye niliyewafunga watoto kamba zake kila Alhamisi. Nikawa natafuta Kiingereza cha kulisema jambo hilo bila kumkata mtu, na Kiingereza hakiji. Mwenyekiti akauliza, wanaokubali? Mikono ikapanda.

Kocha alikuwa mwanachama kama sisi sote, sababu ya bima. Akatazama huku na huku, akaona chumba kimenyanyua mikono kama mara iliyopita, akadhani ni ile adabu ya hesabu. Akanyanyua wake.

Katibu akahesabu kwa kalamu, kichwa kwa kichwa. Alipofika kwa Kocha kalamu ilisita hewani. Alinitazama mimi. Sikusema kitu. Akaendelea. Waliokubali 27, waliokataa 5, wasio upande wowote 3. Nami nilikuwa katika hao 3. Hata bila mkono wake pendekezo lingepita, na hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko inavyonisaidia.

Nilimwambia ndani ya kigari, tumeegesha nje ya nyumba yangu, taa zimezimwa. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na mimi nilinyoosha mkono?"

"Ulinyoosha."

"Wewe?"

Nikamwambia. Alitikisa kichwa taratibu, akawasha gari, akaniambia nisisahau mfuko wangu kiti cha nyuma.

Mkataba wake ulikuwa unakwisha tarehe 30. Alhamisi nilidhani hatakuja. Nilipofungua mlango wa ukumbi wa mazoezi wa shule, maana baridi ilikwishatufukuza nje, alikuwa amepiga magoti anapanga mikeka, na watoto kumi na wawili wamemzunguka. "Kenya, umechelewa," akasema. Akamshika mtoto mmoja mabega, akamgeuza kidogo, akasema maneno manne, akanitazama.

"Kichwa nje," nikamwambia mtoto kwa Kijerumani. "Bega ndani."