Usinipe karatasi tupu

Kipindi nilipokuwa nimeelemewa na mawazo, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Ulioniudhi kuliko wote ni huu: "Chukua karatasi uchore unavyojisikia, utoe yote yaliyo moyoni." Nikafanya hivyo. Nilichora lile lile lililokuwa likininyima usingizi, nikalirudia, nikalipaka nyeusi juu ya nyeusi mpaka karatasi ikatoboka, na usiku ule nikakesha. Wanaotoa ushauri huu wanadhani huzuni ni jipu, ukilikamua linanywea. Yangu ilipokamuliwa ilizidi kuvimba.

Kilichonisaidia ni kikundi cha uchoraji wa kuongozwa. Mwezeshaji hakutuuliza ya moyoni wala nani anajua kuchora. Alitugawia karatasi zenye duara, akasema: chagueni rangi tatu tu, anzieni katikati, jazeni kwenda nje kwa maumbo yanayojirudia. Nilianza huku nimenuna. Kufika nusu ya duara, swali pekee lililobaki kichwani lilikuwa kama pembetatu inayofuata iwe ya bluu au ya kijani. Kwa mtu ambaye kichwa chake hakikuwa kinanyamaza, hiyo ni neema kubwa.

Baadaye nilisoma nikaona kwamba mwezeshaji yule ana msingi. Mwaka 2005, watafiti Nancy Curry na Tim Kasser waliwatia wanafunzi wa chuo wasiwasi kwa makusudi, kisha wakawagawa: wengine wapake rangi mandala, yaani michoro ya duara kama ile yetu, wengine michoro ya mirabamiraba, wengine wapewe karatasi tupu. Wasiwasi ulishuka zaidi kwa waliopewa umbo la kufuata. Nao watafiti wengine, Jennifer Drake na Ellen Winner, wameonyesha kwamba mtu mwenye huzuni hupata nafuu ya haraka zaidi akichora kitu kingine kuliko akichora huzuni yenyewe. Ningejua mapema ningewajibu washauri wangu vizuri.

Lakini zoezi ninalolipenda kupita yote ni la kuvuruga. Unafumba macho, unashika krayoni kwa mkono usiouzoea, unaiacha izunguke karatasini bila kuinuliwa, hadi mwezeshaji aseme basi. Unafumbua macho, unakuta mvurugo mtupu. Sasa geuza karatasi upande mmoja, tazama; geuza tena, tazama; pande zote nne. Yangu pande tatu hazikuwa na kitu. Ya nne, pale mistari ilipopishana juu kushoto, nikaona jicho. Chini yake palikuwa na mkunjo unaofaa kuwa mdomo, na kitanzi kikubwa kilichobaki kikawa mgongo: kobe mzima, amegeuza shingo kunitazama! Nikamkoleza kwa kahawia, mistari iliyozidi nikaigeuza nyasi. Nilimwonyesha kila aliyekuwepo. Daktari wa watoto Donald Winnicott, Mwingereza, alikuwa na mchezo wa namna hii na wagonjwa wake wadogo: yeye anachora mstari ovyo, mtoto anaugeuza picha, kisha wanabadilishana. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kuvuruga vibaya, na huanzi na weupe ule wa karatasi unaokukodolea macho.

Anayesema "mimi sijui kuchora" nampa habari ya utafiti wa Girija Kaimal na wenzake, 2016: watu wazima 39, dakika 45 za udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi au kubandika vipande vya picha. Takriban robo tatu yao walishuka kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, wawe wamewahi kufanya sanaa au la.

Chagua kikundi chenye mwezeshaji anayelinda watu. Mwenzetu mmoja aliona nyeusi kwenye karatasi yangu akaanza kunieleza habari za kifo. Mwezeshaji akamkatiza palepale: picha ya mtu husemewa na mwenyewe. Ukitaka kuuliza, sema "niambie kuhusu hii," usiseme "hii ni nini?"

Na vifaa navyo vina tabia. Rangi za maji hutiririka, na hisia hutiririka nazo. Siku ya wasiwasi mkali sizigusi kabisa, nachukua penseli za rangi au krayoni ngumu ambazo mkono wangu unazitawala. Rangi za maji ni za siku nilizojikausha, sihisi chochote. Si lazima vifaa viwe vya gharama, vya watoto wa shule vinatosha.

Mazoezi haya si tiba ya sanaa yenyewe, ile inayofanywa na mtaalamu aliyesomea, na sikuacha kuonana na mshauri wangu wa saikolojia. Kinyume chake, nilianza kwenda na michoro yangu kwake, na siku ambazo maneno hayatoki tunaanza na karatasi iliyo mezani.