Chenga za Lehemu

Mwaka 1998 nilikuwa Manchester, nikimsaidia mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa fundi wa vinanda vya umeme vya zamani. Kazi yangu hasa ilikuwa kubeba. Rhodes, aina mojawapo ya vinanda hivyo, ya vibao 73 ni mzigo wa watu wawili, na ngazi za pale zilikuwa nyembamba. Niliipenda zaidi aina nyingine, Wurlitzer 200A: vibao 64, na ukijikaza unaibeba peke yako.

Ijumaa moja mchana akaingia mpiga kinanda wa bendi ya rock. Wurlitzer yake imekatika ulimi mmoja wa chuma wa ndani, na usiku ana kazi. Haikunishangaza. Kinanda hiki ukikigusa taratibu kinalia kama kengele, ukikitwanga kinakoroma, na wana-rock wanataka huko kukoroma. Richard Wright wa bendi ya Pink Floyd alikipitisha kwenye pedali ya wah, ile ya kupinda sauti kwa mguu, katika wimbo "Money", 1973. Bendi ya Supertramp bila Wurlitzer, mimi siwajui.

Ndani mna ndimi za chuma. Nyundo inagonga ulimi, nao unatikisika kwenye mwanya wa bamba lenye umeme wa volti kama 150. Mtikisiko ule ndio unaotoka spika ukiwa sauti. Kwenye ncha ya ulimi pana tone la lehemu: ukilipunguza kwa tupa noti inapanda kuwa nyembamba, ukiliongeza inashuka kuwa nzito. Mjomba wangu Unguja alikuwa akikwaruza ndimi za akodioni yake, nami nikimshikia taa, kwa hiyo nilipopewa ulimi mpya niufunge nilishajiona fundi.

Nikakaza skrubu, nikasikiliza: noti iko chini. Ilinipasa niutoe nje. Mimi nikaupigia tupa palepale. Nazima, nakwaruza mara tatu, nawasha, nasikiliza. Safari ya nne nilipowasha, kinanda kikachacharika kama vitumbua kwenye mafuta. Chenga za lehemu zimeingia kwenye mwanya.

Mzee hakugomba. Alizima umeme, akanipa brashi laini. Nikafagia na kupuliza karibu saa nzima, mwenye kinanda kanisimamia mgongoni.

Kelele zilipokwisha, jamaa akaitwanga noti ileile kwa nguvu zote. Ilikuwa imepanda, kidogo mno. Nilikuwa nimeikwaruza lehemu kupita kiasi. Mzee alinitupia jicho. Mwenye kinanda anacheka tu, anatoa pesa.

"Irudishe Jumatatu," mzee akamwambia. "Kuna kitu kijana wangu hajakimaliza."