Corcovado kwa gitaa: wiki ya sita

Jana usiku dole gumba langu lilitulia kwa mara ya kwanza. Nilipiga mzunguko mzima wa wimbo wa Corcovado na besi, zile noti za chini, haikuyumba popote. Naandika leo kabla sijasahau nilivyofika hapa.

Mradi wenyewe ni kujifunza kwa sikio gitaa la Mbrazili João Gilberto katika albamu ya Getz/Gilberto, wimbo mmoja tu. Albamu hiyo ilirekodiwa New York kwa siku mbili, tarehe 18 na 19 Machi 1963, ikatoka mwaka uliofuata, na mwaka 1965 ikachukua Grammy ya albamu bora. Wengi tunaikumbuka kwa saksafoni ya Stan Getz na sauti ya Astrud Gilberto, aliyekuwa na miaka 22 tu. Mimi pia niliipenda kwa hayo kwa miaka mingi. Gitaa nililisikia usiku mmoja umeme ulipokatika, nikiwa na spika za masikioni. Chini ya saksafoni kulikuwa na mtu anapiga kitu kidogo mno, na wenzake wote wamemwegemea yeye.

Wiki mbili za kwanza sikupata kitu. Nimetoka kwenye muziki wa dansi, gitaa la ridhimu, na mkono wangu wa kulia unajua kucharaza. João Gilberto hacharazi. Anavuta nyuzi tatu kwa pamoja, kama anayechuma majani, huku gumba likienda na njia yake. Ilibidi niazime gitaa la nyuzi za nailoni, maana za chuma zilikuwa zinapiga kelele.

Kilichonifungua macho ni samba, muziki wa ngoma wa Brazili. Gumba ndilo surdo, ile ngoma kubwa inayoshika mapigo ya chini. Vidole vingine ni tamborim, kangoma kadogo kanakokatiza katikati. Yaani kundi la ngoma za mitaa ya Rio limeingia katika mkono wa mtu mmoja, tena kwa kunong'ona. Nikaliweka gitaa kando siku nne nzima, nikawa nagonga meza ya jikoni, kiganja kimoja surdo, kingine tamborim, hadi watoto wakaanza kuitikia.

Mkono wa kushoto haukunisumbua sana. Naupiga wimbo katika ufunguo wa C, na chodi za mwanzo, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni Am6, halafu Ab dim7, halafu Gm7. Kwenye uzi mnene kidole kinatoka freti ya tano (freti ni vile vijichuma vya shingoni), kinakwenda ya nne, kinakwenda ya tatu, basi. Huku juu sauti ya mwimbaji inazunguka noti mbili tu, E na D, E na D. Noti ni zilezile, lakini kila besi inaposhuka hatua moja zinabadilika rangi. Antônio Carlos Jobim, mtunzi wake, ndiye anayepiga piano humo, na hata yeye anagusa noti chache sana. Nimeusikiliza mwanzo huu mara nyingi nisizoweza kuhesabu na bado unanisisimua.

Kilichobaki ndicho kigumu: kuimba. Gilberto anaichelewesha sauti, kisha anaiwahisha, anaimba karibu na kuongea, bila kutetemesha noti, na gumba halimfuati hata kidogo. Langu linafuata. Nikivuta neno, besi nayo inavutika. Nimejaribu kupunguza mwendo kwa programu ya simu mpaka asilimia 70. Imesaidia vidole, sauti bado.

Maneno ya Kireno nimeshayashika. Ni pembe ya nyumba, gitaa, na dirisha linaloonyesha mlima Corcovado wenye sanamu ya Kristo. Wimbo wa mtu aliyekaa kimya ndani hauwezi kuimbwa kwa nguvu, kwa hiyo kila jioni napunguza sauti zaidi.

Kesho naanza na neno moja kwa kila mzunguko. Gumba likiyumba, narudi mezani.