Tafakari ya Wiki: Kukesha na Homa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii nimekwama kwenye maneno mawili. Yamo mwishoni mwa hadithi tuliyoisikia sote mara nyingi, aliyoipokea Nu'man bin Bashir (r.a.) na iliyomo katika Bukhari na Muslim: mfano wa waumini katika kupendana, kurehemeana na kuhurumiana kwao ni mfano wa mwili mmoja, kiungo kimoja kikilalamika, mwili uliobaki wote huitikia kwa kukesha na homa.

Nakiri kwamba miaka yote nimekuwa nikiishia pale kwenye "mwili mmoja". Nadhani si peke yangu. Tunasema umoja, tunasema mapenzi, darsa linafungwa kwa dua na kila mtu anakwenda zake. Kukesha na homa tunayapita kama pambo la maneno. Nami nilikuwa nikiyapita, mpaka nilipochomwa na mwiba.

Si mwiba wa mfano. Ni mwiba hasa, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Mguu ulishanyanyuka kabla sijajua nimekanyaga nini, na hilo peke yake lina mazingatio. Habari ya mwiba ilipanda mpaka kwenye uti wa mgongo, na huko huko, bila kuungoja ubongo, amri ikarudi kwenye misuli: nyanyua. Ubongo uliletewa taarifa nyuma kidogo, kama mkubwa wa nyumba anayekuta jambo limeshaamuliwa na watoto. Kisha maumivu yenyewe yakaja mara mbili. La kwanza kali, la kuchoma, hupita kwenye nyuzi za neva zilizovikwa ala ya mafuta, kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. La pili, lile la kuwaka na kupwita, hupita kwenye nyuzi nyembamba zisizo na ala, na kasi yake haizidi mita 2 kwa sekunde. Siku ukijigonga kidole cha mguu, sikiliza nafasi iliyopo baina ya hayo mawili. Utaipata.

Nikauchomoa, nikadhani yamekwisha. Ncha ilikuwa imebaki ndani.

Kilichoendelea mle sikukiona, lakini kinajulikana. Seli za kinga zinazokaa ngozini humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, na seli nyeupe hujipenyeza kutoka kwenye damu kuelekea jerahani. Nyingi kati ya hizo haziishi muda mrefu. Usaha tunaoukunjia uso ni mizoga yao. Sasa zile nyuzi nyembamba za maumivu hazikai kupeleka habari juu tu. Miisho yake nayo humwaga kemikali pale pale kwenye kidonda, zinazotanua mishipa na kuziita seli za kinga zije. Neva, tuliyozoea kuijua kwa kuhisi, inageuka kuwa muadhini. Shuleni tulisoma mfumo wa fahamu katika sura yake na mfumo wa kinga katika sura yake. Mwilini ukuta huo haupo.

Na elimu hii nayo ilianza kwa mwiba. Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Mrusi Ilya Metchnikoff alichomeka miiba kwenye miili ya viti vya pweza (wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota) wachanga kabisa, ambao ni angavu kiasi kwamba unawaona ndani. Kulipokucha akakuta seli zimekusanyika na kuuzunguka mwiba. Kwa kazi iliyotokana na asubuhi ile alikuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Metchnikoff hakuwa mtu wa dini, lakini alisimulia mwenyewe kwamba usiku ule, akingoja matokeo, hakupata usingizi. Kwa hiyo naye alikesha kwa ajili ya mwiba, Subhanallah.

Siku ya tatu nikaota mtoki. Jeraha liko mguuni, kinena ndicho kinachouma. Usiku wake ikaja homa. Nilijifunika blanketi mbili na bado meno yanagongana. Mume wangu akaniwekea mkono shingoni, akaniuliza, "Mbona unawaka moto na huku unatetemeka kwa baridi?"

Swali zuri. Seli zinazopambana na vijidudu hutoa ujumbe wa kemikali uitwao saitokini, na ujumbe huo husafiri kwenye damu hadi ubongoni. Huko kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kulinda joto la mwili. Ujumbe ukifika, hutengenezwa kemikali nyingine, prostaglandini, na kiwango kinapandishwa. Jana mwili ulitakiwa uwe nyuzi 37, leo unatakiwa uwe 39. Basi ukiwa bado na 37 yako ya kawaida, kwa hesabu mpya wewe umepoa. Ndiyo maana unatetemeka. Misuli inatetemeka ili itoe joto, mishipa ya ngozini inajikunja ili joto lisitoke. Paracetamol hufanya kazi kwa kuipunguza hiyo prostaglandini, na hapo kiwango hushuka na jasho hutoka. Hilo jasho la alfajiri linalolowesha shuka ni mwili unarudi kwenye hesabu ya zamani.

Kwa hiyo homa si joto lililoponyoka. Imeamriwa. Na ina gharama: kila nyuzi moja inayopanda humlazimu mgonjwa kutumia nishati zaidi kwa takriban asilimia 10. Nikiwa nimelala pale nikawaza, bega langu halijakanyaga mwiba, mbona linatetemeka? Moyo haujachomwa, mbona unakimbia? Tumbo lina kosa gani, mbona limekataa chakula? Kila kimoja kilikuwa kikilipa deni la kidole gumba.

Hapo ndipo nilipoirudia ile hadithi. Neno la Kiarabu tunalolitafsiri "huitikia" ni tadā'ā, na ndani yake mna maana ya kuitana. Viungo huitana. Halikuwa kichwa kinatoa amri na wengine wanatii.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hadithi ile ni kitabu cha tiba, na huwa sipendi pale ugunduzi unapotangazwa nasi tunakimbilia kusema hilo tulikuwa nalo. Mtu yeyote wa karne yoyote aliyepata kuugua anajua kwamba jeraha huleta homa. Linalonigusa ni uchaguzi wa maneno. Mtume (s.a.w.) angeweza kusema mwili wote huhuzunika. Huzuni haigharimu kitu, mtu anaweza kuhuzunika huku amekaa. Akataja mambo mawili ambayo huwezi kuyafanya bila kupungukiwa.

Na yeye huyo huyo alipomkuta Ummu Saib akitetemeka na kuilaani homa, alimkataza asiitukane, kwani huondoa makosa ya wanadamu kama tanuri linavyoondoa takataka za chuma. Imo katika Muslim. Nami usiku ule nilishaitukana mara mbili kabla sijaikumbuka.

Sasa fikiria mwili usioitana. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, aligundua kijidudu cha ukoma. Kijidudu hicho hupenda kuingia kwenye seli zinazozivika neva za mikono, miguu na uso, na taratibu huleta ganzi. Watu wengi bado wanaamini vidole vya mwenye ukoma huliwa na ugonjwa wenyewe. Madhara makubwa huja kwa njia nyingine: mkono unashika sufuria ya moto na hakuna anayepiga kelele, mguu unatembea juu ya msumari siku nzima. (Ukoma hutibika kabisa kwa dawa, tena tangu miaka ya 1980 kwa dawa mseto, na anayewatenga wagonjwa wake hana hoja.) Ganzi ya namna hiyo huwapata pia watu wenye kisukari cha muda mrefu, na ndiyo sababu huambiwa wachunguze nyayo zao kila siku. Jicho linapewa kazi ambayo neva imeshindwa.

Mimi hapa nilijiona. Mtu asiyetetemeka kwa msiba wa mwenzake si lazima awe na moyo mgumu. Huenda habari haimfikii. Nani amekosekana kwenye safu Ijumaa tatu mfululizo? Kama hatujui, tunahitaji jicho lifanye kazi ya neva: kuhesabu, kupiga simu, kubisha hodi.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, nao unatisha zaidi. Kuna bakteria wa tumboni aitwaye Campylobacter, huleta kuhara. Umbo la nje la bakteria huyo linafanana kidogo na kemikali zilizoko kwenye neva za mtu. Kwa baadhi ya watu, wachache, kinga ikishamshinda bakteria huwa imeshika sura yake, na ikikutana na sura hiyo kwenye neva inashambulia. Miguu inalegea, kisha mapaja, kisha mikono, wengine mpaka kupumua kunahitaji mashine. Huitwa ugonjwa wa Guillain-Barré. Wengi hupona, kwa wiki au miezi. Kilichomwangusha mtu huyo ni askari wake mwenyewe, waaminifu, waliodhani wanamwona adui. Nimeona jamaa za waumini zikiugua hivyo. Mtu amefanana tu na yule aliyetukosea zamani.

Mwenyezi Mungu ameweka kinga dhidi ya kinga. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambako seli changa za kinga hufunzwa na kupimwa. Zaidi ya asilimia 90 hazihitimu, na miongoni mwa zinazokataliwa ni zile zilizo tayari kumshambulia mwenye mwili. Zikipenya chache, ziko seli nyingine ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Waliozifafanua seli hizo, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2025. Na ubongo nao una sauti ya kutuliza: neva ya vagasi, itokayo chini ya ubongo ikapita shingoni hadi tumboni, inaweza kupunguza ukali wa uvimbe. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey lilionyesha hivyo kwa panya. Wanaojua kuita ni wengi. Anayejua kusema "imetosha sasa" ni wa kutafutwa.

Lakini lililonifanya niandike ni jambo jingine, na linanihusu.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha jaribio dogo. Waliwachukua wanawake wanaowauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wanawake wa umri wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 kwa wastani. Fadhaa ya muda mrefu hupitia kwenye neva na homoni, ikaziambia seli za kinga zipunguze kazi, na ngozi inachelewa kuziba.

Katika darsa letu yupo dada anayemuuguza mama yake mwaka wa pili sasa. Usiku mama huamka, huita, hutaka kutoka nje. Dada huyu alijikata kidole akimenya kitu jikoni, na wiki ya tatu bado amekifunga kitambaa. Tulikiona. Tukamwambia, "Mashallah, dada, una subira wewe." Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema, na nilisema kwa nia njema, nikaenda nyumbani nikalala.

Soma tena hadithi. Mwili uliobaki wote. Haikusema kiungo kilicho karibu kikeshe peke yake mpaka kife. Salman, sahaba wa Mtume, alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardai akamkuta anafunga kila siku na kuswali usiku kucha, alimlazimisha alale, akamwambia Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahli zako wana haki kwako. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Tukimsifu mtu kwa kukesha huku tumelala, hiyo sijui tuiite nini.

Mguu wangu ulipopona (daktari aliupasua, akaitoa ile ncha, ndogo kama chembe ya mchele) tulikaa wanawake saba baada ya Isha tukagawana usiku. Wa kwanza ulikuwa wangu. Mama aliamka saa nane, akaniuliza mimi nani. Nikamwambia, "Ni mimi, Mama, mwenzake mwanao." Akaniuliza tena saa tisa, na tena saa kumi. Katikati aliita jina la bintiye, mara nyingi, kwa sauti kubwa. Nilimshika mkono mpaka akatulia.

Alfajiri dada akatoka chumbani, macho yamevimba kwa usingizi, ameshtuka.

"Hakuniita?"

"Alikuita," nikamwambia. "Nimeitika mimi. Nenda katawadhe."