Leo nimeoneshwa wadudu wangu

UTI imerudi mara ya tatu mwaka huu. Zile mbili nilijinunulia amoksilini duka la dawa, nikapata nafuu, nikaacha.

Leo nimefuata majibu ya kuotesha bakteria wa mkojo wangu. Nikamwomba dada wa maabara anioneshe sahani yenyewe.

Vikaratasi vidogo vya dawa, vingi vimezungukwa na duara safi lisilo na bakteria.

Isipokuwa cha ampisilini, ndugu wa amoksilini yangu. Bakteria wameota mpaka wamekigusa!

"Dawa hii huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao," akasema. "Hawa wako wana kimeng'enya, yaani protini ya kuikata kabla haijafanya kazi."

Nikacheka kwa aibu.

Nimeandikiwa dawa nyingine, nitrofurantoini, siku tano.

Nani mwingine ana nusu pakiti kwenye droo? Semeni ukweli 😅