Kumbukumbu ya msimu wangu wa kwanza kama beki wa kushoto

Januari. Nina umri wa miaka 36, na kocha wa timu ya mtaa wetu hapa Umoja, Nairobi, amenikabidhi jezi namba 3 pamoja na kazi ambayo sijawahi kuifanya. Shuleni nilikuwa winga, na winga, kusema kweli, huzoea kuusubiri mpira na kuwalaumu wenzake usipofika. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla wenye gereji na vibanda hawajafungua kazi zao. Mpira tumeununua kwa mchango, milingoti haina nyavu, na jezi hufuliwa kwa zamu. Kipa, aliyezifua baada ya mechi ya kwanza, alitangaza mbele ya wote kwamba namba 3 angeweza kuirudisha mkobani bila kuitia maji.

Machi. Tunajifunza mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao peke yake na mwamuzi asimamishe mchezo, na hapa ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nikiielewa sheria niliyoipigia kelele miaka yote mbele ya runinga. Kinachohesabiwa ni mahali alipo mshambuliaji wakati mwenzake anapoupiga mpira, wala si pale anapoupokea; tena akiwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka nyuma (wa kwanza kwa kawaida ni kipa), hajaotea. Kwa hiyo mabeki wanne wakipanda pamoja na mmoja akachelewa hatua moja, huyo mmoja amewaharibia watatu. Huyo mmoja nilikuwa mimi, mara tatu katika zoezi moja. Beki wa kati hakunikemea. Alinishika bega, akaniambia, “Kaka, usimtazame mshambuliaji. Nisikilize mimi.”

Aprili. Mvua za masika zimeanza, na udongo mweusi wa upande huu wa jiji haukanyagiki: unaganda chini ya daluga mpaka mtu anarefuka kwa inchi mbili, na wakati wa mapumziko sote tunachokoa matope kwa vijiti. Mechi moja ya kirafiki tulikwenda kuichezea Camp Toyoyo, kule Jericho, kwenye nyasi bandia, ambako mpira hukimbia kuliko tulivyozoea. Wapinzani walirusha mpira mrefu kutoka pembeni, mshambuliaji wao akiwa nyuma yangu peke yake. Nilisimama, nikainua mkono kwa kujiamini kabisa, nikamngoja mwamuzi apulize kipenga. Hakupuliza, kwa kuwa mpira wa kurusha hauna kuotea, kama ilivyo kona na mpira wa goli. Tulifungwa, mkono wangu ukiwa bado juu. Wenzangu walicheka kwanza, kisha wakaudhika, kisha wakacheka tena tulipokuwa tukirudi nyumbani, na tangu siku hiyo kila ninapoingia mazoezini kuna anayeinua mkono kunisalimu.

Nilidhani aibu ile ingenifanya nikae nyumbani Jumamosi iliyofuata. Badala yake niliamka kabla ya kengele ya simu.

Mei. Jumapili tulicheza nyumbani, uwanja ukiwa umekauka juu tu. Tulikuwa tukiongoza 1–0, zikiwa zimebaki dakika chache, wapinzani wakiupiga mpira mrefu kila walipoupata. Kiungo wao aliinua kichwa, kabla hajavuta mguu nikasikia sauti ya beki wa kati: “Panda!” Sikutazama. Nilichukua hatua tatu mbele, na kwa pembe ya jicho nikaona jezi tatu nyingine zikisogea nami, kama tumefungwa kwa kamba moja. Mpira ukapita juu yetu, mshambuliaji akaufuata akiwa peke yake, na kibendera kikainuka. (Mshika kibendera alikuwa mchezaji wao wa akiba, jambo linalonifanya nimheshimu hadi leo.) Katika miaka yangu ya winga nimefunga mabao mazuri, lakini sikumbuki bao lililonifurahisha kama mpira ule ambao hata sikuugusa. Dakika moja baadaye nililala chini kuzuia krosi, nikateleza tumboni mpaka nje ya mstari.

Zamu ya kufua wiki hii ni yangu. Maji ya beseni nimeyabadilisha mara nne, na mara mbili kati ya hizo ni kwa ajili ya namba 3. Nimempigia kipa picha ya maji hayo, nikamtumia.