Mkwaju wa kwenye karai: kumbe adui ni mchanga

Wazee, umekubali! Leo asubuhi nimepanda darini na kahawa yangu nakuta vitawi vitatu vimetoa majani mapya, kijani kabisa, sio ile rangi ya bizari niliyoizoea tangu mwaka jana.

Ni ule mkwaju wangu wa bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo kwenye chombo, niliouotesha kwa kokwa za juisi ya futari, sasa una miaka 6, shina limefika dole gumba. Kuuhamisha nimeuhamisha mara tatu. Ya kwanza ujinga wangu mwenyewe, Januari, kaskazi inavuma inakausha mpaka kamba ya nguo na mimi nakata mizizi, ukapukutika wote, hiyo tuiache. Ya pili nikangoja masika, nikatoa theluthi ya mizizi, mzizi mkuu nikaufupisha, majani yakatoka vizuri tu halafu yakaanza kugeuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Nikasema njaa hii, nikaupa samadi ya punda (hapa Lamu samadi hununui, unaikwepa njiani). Ikazidi. Nikapunguza maji, ikazidi. Nikauweka kivulini, ikazidi, mke wangu akauliza huu mti au mgonjwa wa kulazwa.

Kumbe mchanga niliopandia. Niliuchota ufukweni nikauosha maji saba nikijua adui ni chumvi, na chumvi ikatoka kweli, lakini mchanga wetu huu una matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, na chokaa huioshi ikaisha. Nimekuja kujua mwezi wa nne, siki imenimwagikia kwenye mchanga uliobaki ukatoa povu kama soda! Chokaa ikizidi inafunga chuma kilichomo kwenye udongo, mizizi haikipati, ndo jani linakuwa vile. Maji ya kisima nayo yaleyale, chungulia birika lako uone ule ukoko mweupe.

Basi mwezi wa tano mvua ilipokolea nikauhamisha mara ya tatu: nikavunja mitungi mibovu, nikatwanga, nikachekecha mara mbili vumbi lote nje, nikatia vipande vya mkaa uliooshwa (usipouosha jivu litakurudisha kulekule) na samadi kuukuu kiduchu. Vigae vyote nimevipima na siki kwanza, jirani ananiangalia tu. Maji ni ya mvua peke yake, nina madumu tisa. Jana usiku nikaenda na tochi kuangalia kama majani yanalala, yamefumba yote, nikafurahi kama mtoto.

Mkasi usinunue wa bei rahisi, hewa ya bahari inautafuna mwezi tu. Kuchambua mizizi hakuna kama kijiti cha mshikaki, hizo reki ndogo za kununua zinachana tu.

Nilipanga wiki hii nianze kufunga waya matawini niyapinde, nimeshachuna shaba kwenye nyaya kuukuu za umeme, lakini jana natoka msikitini nikaona mtini mwitu umeota juu kwenye ukuta wa gofu la nyumba, mizizi imekumbatia mawe, shina nono, majani yanang'aa. Kwenye chokaa tupu! Mimi nahangaika na siki mwaka mzima. Mwenye gofu nimeshampata, amesema chukua, unanivunjia ukuta. Waya utangoja, Jumamosi natafuta patasi na ngazi.